Utingo Hutangulia Majini

Ardhi ya Afungi, rasi ya Palma kaskazini mwa Msumbiji, ni mchanga. Dereva anayeshuka kutoka uwanda wa Mueda, aliyezoea udongo mwekundu, akifika huku pwani mwezi wa Septemba hulalamika kwamba barabara inameza matairi. Mimi humwambia asubiri mvua. Mchanga wetu ukilowa hushikana, na lori lililokuwa likihema kwa gia ya pili wakati wa kiangazi hupita kwa raha siku chache baada ya mvua ya kwanza. Balaa liko mabondeni. Rasi nzima, kuanzia Quitupo hadi Maganja na kushuka Olumbi, ina mabonde mapana yasiyo na mto. Kiangazi ni majani matupu, mbuzi wanalisha. Kaskazi ikikolea, Januari na Februari, mabonde hayo hugeuka maziwa, na chini ya maji hamna tena mchanga bali tope jeusi linalonasa mguu hadi gotini. Barabara inashuka ikiwa imara kabisa, halafu hatua kidogo mbele haipo.

Kazi ya gari niliianza nikiwa utingo upande wa Tanzania, nikaja kushika usukani Palma baada ya uhuru wa 1975, na nimeuacha kwa sababu ya macho. Siku hizi vijana wanaotafuta udereva Afungi hunijia kuuliza habari za kupita kwenye maji, na majibu yangu wanayaandika kwenye simu. Wanataka kanuni: kina gani, gia gani, mwendo gani. Kanuni nitazitaja. Lakini ufundi huu ulikuwepo hapa, ulikuwa mali ya kila dereva na kila utingo, kisha ukatutoka kidogo kidogo. Watu husema ni uvivu wa vijana. Mimi nalaumu vita. Kila vita iliyopita hapa ilimfundisha dereva tabia ya kuokoa roho yake, na kila mara tabia hiyo ilikuwa kinyume cha mvua inavyotaka.

Zamani hasa, barabara wakati wa mvua haikumhusu mtu. Kaskazi inayoleta mvua ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Unguja na Kilwa hadi Ghuba ya Tungi, ambayo leo inaitwa Ghuba ya Palma, kwa hiyo msimu wa tope barani ulikuwa msimu wa biashara baharini. Watu walikaa pwani, mzigo ukaja wenyewe. Safari za kupanda uwandani kwa Wamakonde zilingoja kusi na ukavu. Tungi ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja mpaka mwaka 1887, Wareno walipokuja na manowari wakaipiga mizinga. Sayyid Barghash alilalamika kwa wakubwa wa Ulaya na hakupata kitu.

Mwaka 1891 Wareno waliikabidhi nchi yote ya kaskazini, kuanzia Ruvuma mpaka mto Lúrio, kwa kampuni ya wenye hisa, Companhia do Niassa. Kampuni ilitawala hadi 1929. Ilitoza kodi ya kibanda, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa mgongo: kubeba mizigo au kulima barabara. Maelfu walivuka Ruvuma kuikimbia. Wazee wa Quionga walikuwa wakisimulia kwamba njia za miguu za mababu zilizunguka mabonde, zikafuata ardhi ya juu hata kama ni mbali, lakini barabara ya kodi ilikatwa moja kwa moja kwa sababu msimamizi alipimwa kwa urefu wa barabara aliyoimaliza kiangazi. Bwana mkubwa mwenyewe alipita akiwa amebebwa kwa machela. Kina cha bonde alikijua kwa kutazama maji yamefika wapi kwenye mwili wa mpagazi wa mbele.

Huyo mpagazi wa mbele msimsahau. Tutakutana naye tena amevaa nguo nyingine.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, Palma ikawa kambi. Aprili 1916 Wareno waliichukua Quionga, kipande ambacho Wajerumani walikuwa wamekishika tangu 1894. Septemba mwaka huohuo jeshi la Jenerali Ferreira Gil lilivuka Ruvuma, Oktoba likaingia Newala, na mwisho wa Novemba likarudi mbio likiacha zana zake. Ukitazama miezi hiyo kwa jicho la dereva utaona jambo lake: walikwenda ardhi ikiwa kavu, wakarudi mvua inaanza. Maradhi yaliwaua askari wengi kuliko risasi, na wapagazi walikufa bila kuandikwa. Mwaka uliofuata kituo kikubwa kikahamia Mocímboa da Praia, ikakatwa barabara ya malori kupanda Chomba. Nayo ilikuwa barabara ya kiangazi.

   

Tarehe 25 Septemba 1964 Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza vita kwa kushambulia Chai. Familia yangu ilivuka mto pamoja na wengine, tukapelekwa Rutamba, karibu na Lindi, kwenye makazi ya wakimbizi wa Msumbiji. Huko ndiko nilikosomea Kiswahili cha shuleni, na nilipochoka na shule nikaingia kwenye lori.

Barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam miaka hiyo ilikuwa chuo. Mbwemkuru, Mavuji, Matandu, kisha Rufiji yenyewe, ambayo haikuwa na daraja mpaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa. Tulivuka kwa pantoni ya Ndundu. Masika pantoni ilisimama, malori yakapanga mstari, mama lishe wakajenga vibanda, na mkoa mzima wa kusini ukawa kama kisiwa. Nani angekuharakisha? Tajiri wa lori alijua, mwenye mzigo alijua. Kuchelewa hakukuwa kosa la dereva, na naamini hapo ndipo usalama wote ulipokuwa: dereva aliruhusiwa kungoja.

Mzee aliyenifundisha alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, mfupi, mwenye baraghashia iliyokuwa imekolea mafuta ya gari. Alinikatia fimbo ya mkoko inayonipita urefu, akaitia alama tatu kwa panga. Aliisimamisha kando ya lori ili nione kila alama ni ya nini. Ya chini ililingana na kitovu cha gurudumu. Ya kati ililingana na feni. Ya juu ililingana na sakafu ya kabini. Maji yakiishia chini ya alama ya kwanza, tunapita bila maneno. Yakiwa kati ya ya kwanza na ya pili, tunapita kwa matayarisho. Yakigusa ya pili, tunakaa. Nikauliza ya tatu ni ya nini basi, akasema ni ya kuwaonyesha abiria wenye haraka.

Fimbo peke yake haikumtosha. Nikirudi kutoka majini alinihoji.

“Umepima?”

“Nimepima, mzee.”

“Kwa macho au kwa miguu?”

“Kwa miguu, mzee. Yako gotini, na chini ni kugumu.”

“Yanavuta?”

“Yanavuta kidogo.”

“Rudi ukasimame katikati, uhesabu mpaka ishirini. Mchanga ukianza kukutoka chini ya nyayo, njoo tunywe chai.”

Miaka mingi baadaye nikasoma wanavyosema wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani: maji yaendayo ya kina cha sentimeta 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimeta 60 yanabeba magari mengi, pikapu zikiwemo. Mzee wa Kivinje hakuwa na sentimeta. Alijua kwamba kina ni nusu ya habari na mkondo ni nusu ya pili, na kwamba mkondo unaonyoa mchanga chini ya nyayo za mtu utaunyoa pia chini ya tairi lililosimama. Ndiyo maana ukishaingia hutakiwi kusimama.

Utingo alipima kingo pia. Hili naliweka peke yake kwa kuwa ndilo lililokuja kufa. Hatari ya barabara iliyofunikwa na maji mara nyingi haiko katikati. Iko pembeni, pale kalavati lilipobomoka, au tuta lilipoliwa na mkondo kwa chini huku juu likionekana zima. Nilikwenda katikati, nikarudi kwa mkono wa kulia, nikaenda tena kwa mkono wa kushoto, nikichoma fimbo kila hatua. Palipotitia niliacha kijiti chenye kitambaa. Dereva alipita kati ya vijiti vyangu.

Kazi iliyobaki ilikuwa yake. Kwa magari ya petroli alilegeza mkanda wa feni ili feni isirushe maji kwenye plagi. Aliingia kwa gia ya kwanza, akashikilia mafuta sawasawa, bila kukanyaga klachi na bila kubadili gia mpaka tairi za nyuma zitoke. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea, basi, ili maji yatangulie mbele ya bampa kama wimbi dogo na kuacha nafasi chini ya injini. Akishatoka upande wa pili hakuanza kushangilia. Aliendelea polepole huku mguu ukigusa breki kidogo kidogo, kwa sababu breki za ngoma zikilowa hazishiki, na aliyesahau hilo hukumbushwa na mteremko wa kwanza. Nikiona dereva anatoka majini na kukata mbuga kwa kasi, najua hakuwahi kuwa utingo wa mtu.

Wakati mimi najifunza hayo, upande wa pili wa Ruvuma palikuwa na watu wengine wanaotangulia mbele ya magari na vijiti mikononi. Barabara za vumbi za Cabo Delgado Wareno waliziita picada. Frelimo walizitega mabomu, na kila msafara wa jeshi ulitanguliwa na askari wa miguu, mapicador, waliochoma ardhi kwa vyuma virefu kutafuta bomu. Nyuma yao lilifuata lori la Berliet lililojazwa magunia ya mchanga, ili bomu likilipuka, lori ndilo liliwe kwanza. Msafara ulikwenda kwa hatua ya mtu mmoja mwenye kijiti. Nilipokuja kuwasikia wenzangu waliopigana wakisimulia, niliona ni kazi yangu ileile, na ni mpagazi wa machela yuleyule, isipokuwa huyu aliogopa chuma badala ya maji.

Na mvua ilikuwa upande wa Frelimo. Ardhi iliyolowa huchimbika haraka, na mvua ya usiku mmoja hufuta alama ya jembe. Magari ya Wareno yalinasa, ndege zao zikakosa kuona. Operesheni kubwa ya Jenerali Kaúlza de Arriaga, Nó Górdio, ilianza Julai 1970, katikati ya ukavu, na si kwa bahati. Wareno wakaanza kumwaga lami barabarani kwa mkazo, kwa hesabu kwamba lami ni vigumu kuitega. Kwa hiyo sehemu ya lami ya kwanza katika mkoa wetu ilimwagwa kwa kuogopa bomu. Mwenye kuogopa bomu na mwenye kusafirisha korosho hawahitaji barabara ileile: wa kwanza anataka uso mgumu, wa pili anataka mifereji na kalavati za kutosha. Walipata uso mgumu.

Nilirudi Palma baada ya uhuru. Nikapewa IFA W50, lori la dizeli kutoka Ujerumani Mashariki, ambalo kila mtu wa umri wangu Msumbiji analijua kwa mlio wake. Gari zuri kwa maji, zito kwa mchanga. Nikakata fimbo ya mkoko, nikatia alama tatu, nikamkabidhi ajudante wangu, yaani utingo, kijana wa Olumbi. Bonde la kwanza tulilolikuta limejaa, nikamwambia apime kingo. Akaniangalia. “Baba, pembeni hakuendwi.”

Alikuwa na haki. Mabomu ya vita ya ukombozi yalikuwa bado ardhini, mengi yakiwa karibu na makambi na kandokando ya Ruvuma, na hakuna aliyekuwa na ramani ya kuaminika. Kisha vita ya ndani ikaongeza yake mpaka mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Sheria ya barabara ikawa moja: tairi lako lipite palipopita la mwenzako. Mwenye kwenda haja alijisaidia katikati ya barabara huku wengine wamegeuza nyuso.

Sasa fikirini maana yake wakati wa mvua. Gari la kwanza linachora mstari, la pili linauzamisha, na ifikapo Februari mifuo ya matairi ina kina cha kuifanya difu iburuze. Mvua inaigeuza kuwa mitaro, maji yanatiririka ndani yake badala ya kwenda pembeni, na barabara inajichimba yenyewe. Dereva wa kawaida angeuacha mfuo, akapandisha tairi moja kwenye tuta la katikati na nyingine ukingoni, au angekata mchepuko kuzunguka bonde kama walivyofanya wenye njia za miguu. Sisi hatukuthubutu. Tulibaki mle mle, tukazama, tukachimbuana kwa jembe na cheni. Utingo akaendelea kutangulia majini, ila alitembea ndani ya mfuo tu. Kingo hazikupimwa tena na mtu. Kizazi kizima cha mautingo kikakua bila kujua kwamba kingo hupimwa, na mautingo ndio waliokuja kuwa madereva.

Msumbiji ilitangazwa kuwa imemaliza mabomu ya ardhini yaliyojulikana mnamo Septemba 2015. Tabia haikutangazwa. Nimewaona vijana waliozaliwa baada ya mkataba wa Roma waking'ang'ania mfuo uliojaa maji, wakati pembeni pana mchanga mkavu wa kutosha malori mawili.

Miaka ya amani sina mengi ya kusema juu yake, ilikuwa mizuri na ilikuwa ya korosho. Msimu wa korosho unaanza karibu na mvua, ndiyo sababu hatukuweza kulaza malori Desemba hata tungetaka. Korosho ikilowa gunia zima linaoza, basi turubai lilipata heshima kuliko dereva. Mwaka 2010 ikapatikana gesi baharini mbele ya Palma, na baada ya hapo Afungi ikaanza kutajwa redioni. Yakaja magari meupe yenye bendera ndogo juu ya mlingoti. Kikajengwa kijiji kipya cha Quitunda, na kuanzia 2019 familia za Quitupo zikahamishiwa huko. Barabara ya kutoka Palma kwenda Afungi ikainuliwa na kushindiliwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona barabara ya Afungi yenye mifereji pande zote mbili.

Barabara ndefu ya kutuunganisha na Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, haikubahatika hivyo. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia kaskazini mwa Pemba, kikali kuliko chochote kilichowahi kupimwa mkoani. Mwisho wa Desemba mwaka huohuo daraja la mto Montepuez kwenye barabara ya N380 lilibebwa na mafuriko, na kwenye mto Messalo maji yakaikata barabara ya kuingilia darajani. Angalieni hapo Messalo: daraja lilisimama, tuta likaenda. Ni ukingo uleule usiopimwa. Wilaya zote za kaskazini zikabaki upande wetu, bila petroli na bila sukari. Msidhani ni sisi tu wenye mkosi huo. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake ziliikata barabara ya Lindi pale Somanga, barabara ya lami, yenye madaraja, ileile niliyofunzwa kazi.

Lakini kabla hata ya maji ya 2019 watu walikuwa wameshaanza kufa barabarani kwa sababu nyingine. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na kuanzia hapo barabara ya Mocímboa kwenda Palma ikawa ya kuviziwa. Vita hii ikatufundisha somo jingine, nalo ni kasi. Mviziaji huchagua mahali gari linapopunguza mwendo, na gari hupunguza mwendo kwenye bonde lenye maji. Kwa hiyo chapa, mabasi madogo ya abiria, zikawa zinaingia majini kwa mbio zote, maji yakiruka juu ya paa, abiria wakisoma dua. Nani angeshuka na fimbo? Nilipanda chapa moja ya namna hiyo, na kijana aliyekuwa usukanini aliniambia, bila kugeuka, “Mzee, maji yanaweza kuniua. Kusimama kutaniua kweli.” Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa siku ile.

Mwanzoni mwa 2021 barabara zote zilikuwa zimefungwa, chakula kimepanda bei Palma hata unga ukawa wa kubembeleza. Tarehe 24 Machi mji ukashambuliwa. Ilikuwa mvua. Watu walikimbilia Quitunda na lango la Afungi, wengine pwani kutafuta mashua za kwenda Pemba, wengine wakafuata msitu kuelekea Nangade na Ruvuma. Nilikwenda kwa miguu na sitasimulia zaidi ya hapo.

Askari wa Rwanda walifika Julai mwaka huo, Mocímboa ikarudishwa mikononi mwa serikali Agosti, na pole pole magari yakaanza tena. Mradi wa gesi, uliosimamishwa Aprili 2021, umerudi kuajiri. Ndiyo maana vijana wananijia. Na ninapowatazama wanavyoendesha naona vita vyote vimekaa kwenye usukani mmoja. Wanang'ang'ania mfuo, kwa sababu ya mabomu ambayo hawakuyaona. Wanaingia majini kwa kasi, kwa sababu ya wavizi waliowaona. Na wanafuatana pua kwa mkia, kwa sababu ya misafara ya kusindikizwa na askari, ambamo gari likiacha nafasi linagombezwa. Kwenye vumbi hayo yote yanavumilika. Kwenye maji, gari la tatu katika msafara likizimika katikati ya bonde, la nne halina pa kwenda.

Lami nayo imeleta jambo lake, ambalo wazee wangu hawakulijua. Mwaka 1963 wahandisi wawili wa NASA, Walter Horne na Robert Dreher, walichapisha utafiti juu ya tairi kuelea juu ya maji. Maji yakiwa ya kutosha juu ya lami na tairi likienda kasi, maji hukosa muda wa kukimbia, tairi likapanda juu yake, na usukani ukawa mwepesi ghafla kwa sababu haushiki chochote. Waligundua kwamba kasi ya kuelea inategemea upepo wa tairi. Kwa hesabu yao tairi lenye paundi 32 linaelea karibu na kilomita 94 kwa saa. Lenye paundi 18 linaelea karibu na kilomita 70. Sasa dereva wa pikapu anayetoka Palma hupunguza upepo ili apite kwenye mchanga, na anafanya vizuri. Kisha anafika kwenye lami ya N380, mvua inanyesha, kampresa haipo, anakanyaga mafuta hadi 80 akijiona yuko salama kwa kuwa mchanga umekwisha. Kama matairi ni vipara, hata hiyo 70 ni nyingi. Nawaambia wanunue pampu ya mguu. Wananunua redio.

Kwa hiyo wakiniomba kanuni nawapa hizi za juu, za fimbo na gia na breki na upepo, halafu nawaambia hazina kazi kwa mtu aliye peke yake ndani ya gari. Mtu mmoja hawezi kuwa majini na usukanini. Mikataba ya siku hizi inaajiri dereva bila utingo. Gari lina kamera ya nyuma, lina kifaa cha kuripoti mwendo kwa bosi, na bosi akiona gari limesimama nusu saa kando ya bonde anapiga simu. Kijana mmoja alinijibu kwamba ataajiri utingo kutoka mfukoni mwake. Nikamwambia vema, ila asitafute pandikizi la mtu kwa ajili ya kupakia magunia. Atafute mfupi. Maji yakimfika kiunoni mapema atarudi mapema, na mshahara ni uleule.